Ziara ya Oman kabla ya harusi

Kitabu cha Allah (S.W) kinatuhimiza tutembee katika ardhi, tutazame na tuzingatie. Mtume wetu (S.A.W) naye ametufundisha kuuitikia mwaliko wa walima, na wanazuoni wengi wameuhesabu kuwa ni wajibu kwa asiye na udhuru. Mwaka huu Mola wetu alitujaalia kuyakusanya mambo haya mawili katika safari moja, nasi tumeona si vyema kuyaweka moyoni tuliyoyashuhudia ilhali ziko familia nyingi ambazo huenda zikapata faida ndani yake.

Tulikuwa watu sita kutoka Tanga, nyumba tatu, kila mume na mkewe. Wanaume watatu tulisoma pamoja chuo kimoja cha Kur'ani tukiwa watoto. Mmoja wetu ni mwalimu mstaafu, wa pili seremala, wa tatu mfanyabiashara wa nafaka. Wa nne wetu alihamia Oman miaka thelathini iliyopita kuwafuata jamaa za mama yake, akaoa huko, akazaa huko, na sasa mwanawe wa kiume alikuwa anaoa binti wa watu wa Nizwa. Alipotupigia simu kutualika alituomba tufike siku tano kabla. "Mkija siku ya harusi mtaiona harusi," alisema. "Mkija mapema mtatuona sisi."

Gharama za safari hatukuzikopa. Kwa miaka miwili kila nyumba ilikuwa ikitia akiba katika mfuko mmoja, kwa nia ya kumtembelea mwenzetu huyo kabla umri haujatuzuia, na harusi ikawa sababu ya kuufungua mfuko. Kwa kufuata mafundisho ya Mtume (S.A.W) kwamba wasafiri wakifika watatu wamteue mmoja wao kuwa amiri, tulimteua seremala, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akitoa shilingi bila kuiuliza inakwenda wapi. Yeye ndiye aliyeshika fedha zote, na katika siku zote tulizokuwa nje hatukugombana hata mara moja juu ya nani alipe nini. Kwa marafiki wanaosafiri pamoja, hiyo si neema ndogo.

Muscat, msikitini na sokoni

Ndege ilichukua kiasi cha saa tano na nusu kutoka Dar es Salaam. Tulisogeza saa zetu mbele kwa saa moja, na amiri wetu akaanza mara moja kujifunza rial, ambayo hugawanyika katika baisa 1,000. Mwenyeji wetu alitupokea uwanjani akiwa na kanzu nyeupe na kofia yake, akatukumbatia mmoja mmoja, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha Tanga, hakijapungua hata herufi.

Asubuhi ya kwanza alitupeleka katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Una minara mitano. Mkubwa wao una urefu wa mita 90, na wenyeji huihesabu minara hiyo kwa nguzo tano za Uislamu. Ukumbi mkuu wa sala huchukua watu zaidi ya 6,000, na ukijumlisha nyua zake zote msikiti huweza kubeba waumini 20,000. Juu ya vichwa vyetu ilining'inia taa yenye urefu wa mita 14. Chini ya nyayo zetu lilitandazwa zulia moja linalofunika ukumbi wote, lenye uzito wa tani 21 na mafundo bilioni 1.7, lililofumwa na wanawake 600 wa Iran katika kazi iliyochukua miaka minne.

Sisi wanaume tulikuwa tunatazama juu kwenye taa. Wenzetu wanawake walikuwa wameinama wakiligusa zulia kwa viganja. Mke wa seremala, ambaye amesuka mikeka maisha yake yote, alituambia kuwa yeye haoni bilioni, anaona vidole. Alikaa kimya kitambo, kisha akawaombea dua wanawake wale 600 ambao majina yao hayakuandikwa popote ukutani, nasi tukaitikia amina. Tuliporudi uani tulisali Adhuhuri, tukaifupisha pamoja na Alasiri kama inavyoruhusiwa kwa msafiri.

Katika sala tulizosali Oman tulisimama bega kwa bega na Waislamu ambao wengine walikuwa wameteremsha mikono kwa madhehebu ya Ibadhi na wengine wameifunga kama sisi. Hakuna aliyemtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni. Tunalisema hili kwa sababu huku kwetu tumewahi kuona misikiti ikigawanyika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Siku ya pili ilikuwa ya mji wa kale. Tuliziona ngome mbili za Jalali na Mirani zilizosimama juu ya majabali, moja kila upande wa bandari, zilizojengwa na Wareno walipoutawala mji ule. Waliuteka mwaka 1507, wakakaa mpaka mwaka 1650 walipotolewa na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaaruba. Mwalimu wetu alitukumbusha kwamba wana wa ukoo huo huo ndio waliokwenda Mombasa kuwasaidia watu wa pwani, na Ngome ya Yesu ikaanguka mwaka 1698. Baadaye Sayyid Said aliupenda upande wetu hata akahamishia makao yake Unguja. Historia hiyo ina kurasa za fahari, na ina kurasa za biashara ya utumwa ambazo hazipendezi kusoma. Mwenyeji wetu hakuzificha, nasi hatukumsihi afiche. Udugu wa kweli haujengwi kwa kufumba macho.

Jioni tukaingia soko la Mutrah, ambalo wenyeji wa zamani huliita soko la giza, kwa kuwa vichochoro vyake ni vyembamba na vimeezekwa hata jua halipenyi. Ubani wa Dhofar ulikuwa umerundikwa kwenye magunia, majambia ya fedha yamepangwa nyuma ya vioo, halua imo bakulini bado ina joto. Katika duka moja la kofia, zile za kutoboa vishimo na kuvizungushia uzi kwa mkono, tulikuwa tukiulizana bei kwa sauti ya chini, mara mzee mwenye duka akasema, "Msinong'one jamani, mimi nimezaliwa Unguja." Alitupunguzia bei, akatuagizia kahawa, akatuuliza habari za mitaa ambayo sisi wenyewe tulilazimika kufikiri kabla ya kumjibu.

Orodha ya mashangazi

Ni katika soko hilo ndipo jambo zito la safari yetu lilipojitokeza. Mke wa mwalimu alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha aliyopewa na mawifi zake: udi wa daraja la juu, chupa kadhaa za manukato, seti ya fedha ya bibi harusi, na vitambaa vya sare kwa mashangazi, mama wadogo na wajumbe wa kamati, kila kundi na rangi yake. Amiri wetu aliichukua ile karatasi, akapiga hesabu kwa rial, kisha kwa shilingi, akamrudishia bila kusema neno.

Wengi wetu tulijua kuwa binti wa mwalimu ameposwa. Tusilolijua ni kwamba posa ile ilikuwa imekubaliwa takriban miaka miwili. Kijana ni mwuguzi, mtu wa sala, na mahari aliyotajiwa aliitoa yote. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili, kwa sababu kamati iliyoundwa na ndugu ilipanga kicheni pati, sendofu, ukumbi, mapambo, mshereheshaji na keki, na kadi za michango hazikurudisha hata nusu ya bajeti. Kila ilipoahirishwa, bei ya ukumbi ilipanda, na bajeti nayo ikapanda.

Mwalimu alituambia hayo tukiwa tumeketi kwenye ukingo wa bahari pale Mutrah, taa za majahazi zikimetameta majini. Alisema kuwa siku chache kabla ya safari binti yake alimjia baada ya sala ya Isha, akamuuliza swali moja tu: "Baba, mimi nimeolewa au sijaolewa?" Kijana alikuwa akipiga simu kila siku. Binti hakujua kama kumjibu ni halali au la, na kutomjibu aliona ni kumdhulumu. Mama yake alikuwa akilia pembeni mwetu kimya kimya huku ameishika ile orodha.

Hatukuwa na jibu la kumpa usiku ule. Sote tuna mabinti na wana, na sote tumewahi kukaa katika kamati za namna hiyo. Tulichofanya ni kumwambia mkewe airudishe karatasi mkobani, asinunue kitu chochote mpaka tuione harusi tuliyoijia.

Mlimani na kwenye falaji

Siku ya Alhamisi tulielekea Nizwa, kiasi cha kilomita 160 kutoka Muscat, na kabla ya kufika tukapanda Jabal Akhdar. Chini ya mlima kuna kizuizi cha polisi, na gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupita, kwa jinsi njia ilivyo kali. Juu ya uwanda wa Saiq hewa ilikuwa ya baridi. Ulikuwa mwezi wa Aprili, msimu wa waridi, na ngazi za mashamba yaliyochongwa katika miamba zilikuwa zimejaa wachumaji tangu alfajiri.

Tuliingia katika nyumba moja ambayo hupika marashi kwa njia ya kale. Waridi hutiwa katika chungu kilichokaa juu ya tanuri la udongo, mvuke wake hupozwa kwa maji baridi yaliyowekwa juu, na matone hukusanyika katika chombo cha ndani. Kisha marashi huachwa mitungini yatulie kabla ya kutiwa chupani. Bibi mmoja wa nyumba ile aliwanyunyizia wanawake wetu viganjani, nao wakacheka kwa furaha, maana harufu ile ndiyo ya mrashi wa bibi zetu katika maulidi na harusi za utotoni mwetu. Mke wa mwalimu alinunua chupa moja ndogo. Ilikuwa nje ya orodha.

Alasiri tulishuka Nizwa, mwenyeji akatupeleka kwenye Falaji Daris. Falaji ni mfereji unaochukua maji ya chini ya ardhi au ya chemchemi na kuyaongoza kwa mteremko mpaka mjini na mashambani, bila pampu. Ziko kiasi cha 3,000 ambazo bado zinatumika nchini Oman, na mwaka 2006 tano kati yake, Daris ikiwemo, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Kilichotushangaza zaidi ni mpango wa ugavi wake. Maji yanapotokeza kwanza huwa ya kunywa, na kila mtu ana haki nayo, mwenyeji na mpita njia. Yakishapita hapo huwa ya kutawadha na kuoshea. Mwisho ndipo huingia katika mashamba ya mitende, na hapo hugawanywa kwa muda. Kila mwenye shamba ana zamu yake, iliyokuwa ikipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Zamu nyingine ni wakfu wa misikiti, nyingine hukodishwa ili fedha zake zitengeneze mfereji unapobomoka. Mfanyabiashara wetu aliuliza tajiri akitaka maji zaidi inakuwaje. Mwenyeji akamjibu kuwa anaweza kununua au kukodi zamu, lakini hawezi kulizuia tone la kunywa la jirani yake, hata angekuwa nani.

Ijumaa ya Nizwa

Asubuhi ya Ijumaa mapema tulikwenda katika mnada wa mifugo, unaofanyika kando ya ngome. Wanunuzi hukaa na kusimama kwa duara, na wenye mbuzi huwazungusha wanyama wao mbele yao wakitangaza bei, bila kusimama mpaka mtu amwite. Wazee wenye majambia viunoni huyafungua midomo wanyama kutazama meno, wakawapapasa mbavu, wakatikisa vichwa na kuwaachilia. Kelele ni kubwa, na mgeni asipoangalia hukanyagwa.

Mwenyeji wetu alinunua mbuzi wanne. Mwalimu alimuuliza, "Ndugu yangu, ni hawa tu?" Akajibu, "Na mchele." Mwalimu akadhani ni mzaha. Akaambiwa hapana, mbuzi wengine wawili wamekwisha kutolewa na ami wa bibi harusi, nao wote ni kwa walima wa Jumamosi mchana.

Tulipata muda wa kupanda ngome ya Nizwa, iliyojengwa katikati ya karne ya 17 na huyo huyo Imamu Sultan bin Saif. Mnara wake wa duara ni mpana kama uwanja. Ngazi zake zina matundu juu ya kila mlango, ambayo walinzi walimwagia asali ya tende iliyochemshwa juu ya adui. Tuliingia na katika ghala ambamo magunia ya tende yalirundikwa, na sakafu yake imechorwa vijifereji vya kuipokea ile asali inapochuruzika. Seremala alivutiwa zaidi na milango minene ya mbao na nakshi zake, akaigonga kwa kidole kimoja kimoja kama anayewasalimu jamaa.

Akdi na walima

Akdi ilifungwa jioni ile ile baada ya sala ya Magharibi, katika msikiti wa kijiji cha bibi harusi nje kidogo ya Nizwa. Hapakuwa na jukwaa wala kiti cha pekee. Bwana harusi aliketi chini mbele ya sheikh, amevaa kanzu nyeupe, kilemba na jambia, walii wa binti upande mmoja, mashahidi wawili upande mwingine. Sheikh alisoma hotuba fupi ya nikahi, akakumbusha haki za mke kabla ya haki za mume, kisha walii akaozesha na kijana akakubali kwa sauti iliyotetemeka. Jambo lote halikuzidi dakika ishirini. Halua na kahawa vikapita, na wazee wakampa mkono bwana harusi mmoja baada ya mwingine. Mwalimu alipofika kwake alimshika mkono kwa muda mrefu, midomo ikitikisika kwa dua.

Walima ulifanyika siku ya pili katika sabla ya kijiji. Sabla ni baraza la watu wote wa mahali, nyumba ndefu yenye mazulia na mito, ambamo hukaa wenye harusi, wenye msiba na wanaosuluhishwa. Haikodishwi na mtu. Masufuria makubwa, masinia na majamvi ni mali ya kijiji. Kila mwenye shughuli huvitumia, huvisafisha na kuvirudisha, na akiweza huongeza kimoja. Kwa hiyo shughuli ya mwenzetu ilihitaji chakula na kuni tu. Kazi ya kupika ilikuwa ya vijana wa mahali, ambao kesho yao watapikiwa.

Nje vijana walicheza razha kwa panga na ngoma, mashairi yakijibizana safu kwa safu. Ndani tuliketi kwa makundi kuzunguka masinia ya wali na nyama. Katika sinia letu alikuwamo mkuu wa ukoo wa bibi harusi, mwenye shamba mmoja, na vibarua wawili wa Bangladesh wanaohudumia mitende. Hakuna aliyewatenga wala aliyewashukuru kwa kuja, kana kwamba mahali pao hapo palijulikana tangu zamani. Mtume (S.A.W) ametahadharisha kuwa chakula kibaya kabisa ni cha walima unaoalikiwa matajiri na kuachwa maskini. Tulikuwa tumeyasikia maneno hayo mara nyingi misikitini, na siku ile tulikaa tukala pamoja na maana yake.

Upande wa wanawake, wenzetu walitusimulia, palikuwa na furaha zaidi ya kwetu. Usiku wa hina bibi harusi alivaa nguo ya kijani, wakaimba na kucheza mpaka usiku mwingi. Mlangoni palikuwa na kapu la kuwekea simu, ili picha ya mwanamke yeyote isitoke nje. Mke wa mfanyabiashara alisema kuwa hajawahi kuona wanawake wakicheza kwa raha namna ile, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiogopa kuonwa.

Na wao ndio waliosikia habari tuliyokuwa tukiihitaji. Mke wa mwalimu alimuuliza bibi harusi, kwa kutafsiriwa na mke wa mwenyeji, kwa nini harusi yake ni ndogo hali watu wa kwao wana uwezo. Binti akajibu kuwa mahari yake aliitaja mwenyewe, ya wastani, na kwamba mume wake bado anamalizia nyumba. "Sitaki kuingia katika nyumba yenye deni," alisema.

Tusije tukamdanganya msomaji kuwa Oman nzima ni hivyo. Mwenyeji wetu alitueleza wazi kuwa huko pia ziko harusi za mahoteli, vijana wanaokopa benki ili waoe, na wengine wanaochelewa kuoa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana sehemu nyingine wamebuni harusi za pamoja, ambapo mabwana harusi wengi huoa siku moja na kugawana gharama. Mpwa wake mmoja aliolea katika harusi ya namna hiyo na hajaona kasoro yoyote katika ndoa yake.

Simu ya usiku

Jumamosi usiku, baada ya Isha, mwalimu alimpigia simu dada yake mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati. Alituomba tukae karibu naye, kwa kuwa dada huyo ndiye aliyemlea.

"Dada, shikamoo. Nataka binti aozeshwe baada ya Idi ya Mfunguo Tatu, msikitini kwetu, na walima uwe nyumbani."

"Marahaba. Na ukumbi je?"

"Hakuna ukumbi, dada."

"Kaka, watu watatucheka."

"Watacheka siku moja, dada. Mwanangu amelia miaka miwili."

Kukawa kimya kirefu, hata tukadhani simu imekatika. Kisha dada akasema kuwa singo haondoi, kwa maana kumsinga mwali ni mila yetu tangu bibi zetu na haina gharama ya kutisha. Mwalimu akakubali papo hapo. Akasema na waliochanga tayari warudishiwe fedha zao, au waulizwe kama wanaridhia zinunuliwe mchele. Dada akajibu kuwa baadhi yao watakasirika. Mwalimu akasema, "Nitakwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba."

Na kweli tuliporudi alikwenda. Wako waliomwelewa, wako waliojitoa katika shughuli, na yuko ndugu mmoja ambaye hadi leo hajampokea salamu yake vizuri. Hatudai kuwa njia hii haina maumivu. Lakini tunapoandika haya zimebaki wiki tatu, kijana amekwisha kulipia chumba na sebule, na binti ameacha kuuliza lile swali.

Tuliyorudi nayo

Wapo watakaosema kwamba sisi tuliosafiri kwa ndege kwenda kula harusi ya watu hatuna haki ya kuzungumzia israfu. Tulijiuliza hilo wenyewe njiani. Jibu letu ni kwamba fedha ile ilikuwa yetu, ilikusanywa taratibu, na hakuna kijana aliyezuiwa kuoa kwa ajili yake. Israfu tunayoilalamikia ni ile inayosimama kati ya watu wawili walioridhiana mbele ya Allah na akdi yao.

Mtume (S.A.W) alipomwona Abdurrahman bin Auf ameoa, alimwelekeza afanye walima hata kwa mbuzi mmoja. Abdurrahman alikuwa mtu hodari wa biashara, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa masahaba matajiri. Kipimo alichopewa mtu wa namna hiyo kinatutosha sisi pia.

Kwa upande wa vitendo, sisi watu sita tumekubaliana jambo moja na tumekwisha kulianza. Fedha iliyobaki katika mfuko wa safari, ambayo amiri wetu aliirudisha na hesabu yake yote, imenunua masufuria mawili makubwa, masinia kumi na majamvi, na tumeviweka wakfu katika msikiti wa mtaa wetu kwa ajili ya harusi na misiba. Mwenye shughuli atavichukua bure, atavisafisha, atavirudisha. Akijaaliwa, ataongeza kimoja. Harusi ya binti wa mwalimu itakuwa ya kwanza kuvitumia, Inshaallah. Kila msikiti unaweza kuwa na hazina kama hiyo, na hauhitaji mfadhili wa mbali kuianzisha.

Kwa wazazi wenye vijana walioposana, ombi letu ni moja: waulizeni watoto wenu wanachokihitaji kabla ya kuiuliza kamati. Na kwa marafiki wa utotoni ambao maisha yamewatawanya, anzeni kutia akiba leo, mtembeleane mkiwa hai.

Tunamuomba Allah (S.W) aibariki ndoa tuliyoishuhudia Nizwa na ile inayokuja Tanga, awaoze vijana wetu wanaosubiri, na atujaalie tuwe wepesi kwa wanetu kama Yeye alivyokuwa mwepesi kwetu. Amin.